Kuwatembeza Watoto wa Chekechea Kandokando ya Barabara: Mwongozo kwa Walimu na Walezi

Mtoto anayeshinda kituoni tangu asubuhi anahitaji kutoka nje ya geti mara kwa mara. Akipelekwa sokoni akaona dagaa wanavyopimwa, akipelekwa kituo cha zimamoto akaona gari lenye ngazi, au akipelekwa Kijiji cha Makumbusho pale Barabara ya Bagamoyo, Dar es Salaam, akaingia ndani ya nyumba za asili za makabila mbalimbali, anajifunza mambo ambayo picha ya ukutani haiwezi kumpa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu haumshauri mwalimu awafungie watoto ndani kwa kuyahofia magari. Unaeleza namna ya kwenda nao kwa miguu na kurudi nao wote wakiwa wazima, katika miji yetu ambamo njia ya waenda kwa miguu mara nyingi imegeuzwa kuwa genge la nyanya au egesho la bodaboda, au hukatika ghafla mbele ya mtaro usio na mfuniko.

Kabla ya mengine yote, ieleweke kwamba usalama wa mtoto wa miaka mitatu hadi mitano barabarani ni kazi ya mtu mzima, na ni kazi yake yote. Shirika la Afya Duniani linaeleza kuwa ajali za barabarani ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa umri wa miaka 5 hadi 29 duniani, na wengi wetu tukisikia hivyo hukimbilia kuwafundisha watoto nyimbo na kanuni za kuvuka. Mafundisho hayo yana nafasi yake, lakini hayawezi kuwa kinga. Mtoto wa umri huu hawezi kukadiria mwendo wa gari linalokuja wala umbali wake. Akiliona gari, huamini kwamba dereva naye amemwona. Akivutiwa na jambo moja, mengine yote hutoweka akilini mwake kwa muda huo, hata kama dakika moja iliyopita alikuwa akiyakariri vizuri mbele ya mwalimu. Hapo hakuna ukaidi wowote, ni hatua yake ya kukua tu, na hakuna karipio linaloweza kuiharakisha.

Kuna pia suala la kimo. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa mita moja na ushei, hivyo macho yake yako chini ya usawa wa boneti la gari kubwa. Mwalimu anayetaka kulielewa hili na achuchumae nyuma ya bajaji iliyoegeshwa kando ya barabara, mpaka macho yake yawe sawa na ya mtoto huyo. Ataona tairi, turubai na kipande kidogo cha lami. Gari linalokuja hataliona mpaka limfikie, na dereva wa gari hilo hatakuwa na njia yoyote ya kujua kwamba kuna mtu pale.

Kuikagua njia

Siku moja au mbili kabla ya safari, mwalimu atakayeongoza msafara apite njia nzima kwa miguu, peke yake, katika saa ileile ambayo watoto watapita. Kuijua njia kwa mazoea hakutoshi, kwa sababu mtu anayepita kila siku kwenda kazini ameshazoea kuruka mtaro na kukwepa bodaboda bila hata kufikiri. Safari hii apite akijiuliza swali moja kwa kila hatua: hapa mtoto wa miaka mitatu atakanyaga wapi?

Achague mitaa ya ndani hata kama inaongeza dakika kumi na tano. Aandike kwenye daftari kila mahali pa kuvuka, kila mtaro ulio wazi, kila kijiwe cha bodaboda na kila geti ambalo magari hutoka kwa kurudi nyuma. Vituo vya mafuta viandikwe kwa herufi kubwa. Mbele ya sheli hakuna ukingo wala mpaka, na magari huikata njia ya waenda kwa miguu yakiingia na kutoka huku dereva akiwa anatazama pampu au foleni, hatazami chini. Kama upo uwezekano wa kuizunguka sheli, na izungukwe. Kama haupo, ihesabiwe kuwa ni mahali pa kuvuka, na watoto wasimamishwe kabla yake kama wanavyosimamishwa kwenye barabara kuu.

Saa nzuri kwa miji mingi ni kati ya saa tatu na saa tano asubuhi. Msongamano wa watu wanaowahi kazini umepungua, jua halijawa kali, na wanafunzi wa shule hawajaanza kurudi nyumbani. Wakati wa masika, ambapo madimbwi huwasukuma waenda kwa miguu waingie barabarani na maji huficha mdomo wa mtaro, safari ya miguu iahirishwe bila kuona haya.

Watu wazima wangapi?

Kwa watoto wa miaka mitatu na minne, ninashauri mtu mzima mmoja kwa watoto wawili, kwa sababu ambayo kila mtu anaielewa: ana mikono miwili. Kwa watoto wa miaka mitano, mmoja anaweza kuchukua watatu au wanne, ilimradi wakati wa kuvuka kila mtoto awe ameshikwa na mtu mzima, au ameshikana na mwenzake ambaye ameshikwa na mtu mzima. Zaidi ya hao awepo kiongozi wa mbele, na awepo mtu wa nyuma kabisa asiyepewa mtoto wa kumshika, ambaye kazi yake ni kutazama msafara mzima. Mtoto anayejulikana kwa kuchomoka apewe mwalimu wake mwenyewe, anayemjua na kuzoeana naye.

Hesabu hiyo inatisha kituo chenye walimu watatu na watoto thelathini. Jibu lake ni kwenda na watoto wachache kwa zamu, au kuwaomba wazazi, bibi na babu wafuatane na msafara, jambo ambalo wengi hulikubali kwa furaha wakiombwa mapema na kwa heshima. Siku ikifika na watu hawakutosha, safari isifanyike. Mwalimu mkuu anayesema “twendeni hivyo hivyo, Mungu atasaidia” anawabebesha watoto hatari ambayo angeweza kuiondoa yeye mwenyewe.

Wasaidizi wapewe maelezo kwa dakika kumi kabla ya kutoka. Kila mmoja aambiwe majina ya watoto wake, awatazame usoni, na watoto wamtambue. Simu zote ziwekwe mfukoni isipokuwa ya kiongozi. Msaidizi asije na mtoto wake mchanga mgongoni, kwa sababu likitokea la kutokea atagawanyika. Waoneshwe pia namna ya kumshika mtoto: ashikwe kwenye kifundo cha mkono, asishikwe vidole, kwani vidole vya mtoto vina jasho na huteleza mara anapovuta kwa nguvu. Vituo vingine hutumia kamba ndefu yenye vitanzi ambayo kila mtoto hushika kitanzi chake. Kamba hiyo husaidia kuuweka mstari pamoja kwenye mtaa mtulivu, lakini isifungwe mkononi mwa mtoto hata siku moja, na haichukui nafasi ya mkono wa mtu mzima wakati wa kuvuka.

Mafunzo ya uani na maandalizi ya asubuhi

Wiki moja kabla ya safari, chora barabara uani kwa chokaa au majivu, kisha fanyeni mazoezi kidogo kidogo kila siku. Mambo ya kufundisha ni machache: kusimama, kushikana, kutembea. Chagueni neno moja tu la kusimamisha, na neno hilo liwe “Simama!” Walimu wengi huchanganya “ngoja”, “acha”, “weee” na jina la mtoto, naye akiitwa jina lake hugeuka kumtazama anayemwita huku miguu ikiendelea kwenda. Mtoto azoezwe kuganda papo hapo anaposikia neno hilo, awe anakimbia au anacheza, na apongezwe kila anapofanya hivyo. Neno hilo lisitumike ovyo darasani, ili libaki na uzito wake.

Asubuhi ya safari, tazama viatu kabla ya kutazama kitu kingine. Kandambili haifai. Ikichomoka mguuni katikati ya barabara, mtoto hugeuka na kuinama kuiokota, na kwa jinsi anavyofikiri ana haki kabisa, kwa maana ameambiwa nyumbani asipoteze viatu. Ni vema avae viatu vya kufunga au makubazi yenye mkanda wa nyuma. Kofia iwe na kamba ya kidevuni. Chupa za maji, vikaragosi na mipira vibebwe na watu wazima, kwa sababu kila kitu kilichomo mkononi mwa mtoto kinaweza kudondoka na kumvuta akifuate. Watoto wavae vizibao vya rangi kali vyenye reflekta. Jina la mtoto lisiandikwe nje ya nguo ambapo mpita njia yeyote anaweza kulisoma na kumwita. Linalohitajika kuandikwa ni namba ya simu ya kituo.

Chukua idhini ya wazazi kwa maandishi, beba namba zao na mkoba wa huduma ya kwanza. Watoto waende haja kabla ya kutoka, maana mtoto aliyebanwa hasikii agizo lolote.

Njiani

Watoto wahesabiwe getini kwa kuguswa kichwa na kutajwa jina, na hesabu hiyo irudiwe kabla ya kila kuvuka, baada ya kila kuvuka, mnapofika na mnapoondoka. Mtu mzima atembee siku zote upande wa magari, mtoto awe upande wa ukuta au uzio. Pasipo na njia ya waenda kwa miguu, msafara upite upande wa kulia wa barabara, kwa kuwa magari yetu huendeshwa kushoto na kwa hiyo mtayaona yakija usoni badala ya kushtukizwa kwa nyuma. Mtu wa nyuma bado ageuke mara kwa mara, kwani bodaboda haziheshimu upande.

Mwendo uwe wa mtoto mdogo kuliko wote. Msafara unaonyooka na kukatika ni hatari, kwa kuwa walio nyuma huanza kukimbia ili kuwafikia wenzao. Mkikutana na muuza aiskrimu, simameni kwanza, kila mtoto ashikwe, ndipo mpite. Na jambo hili waambiwe wazazi wote mapema: mzazi akiuona msafara akiwa ng'ambo ya barabara, asiite, asipunge mkono. Mtoto anayemwona mama yake ng'ambo haoni tena barabara iliyo katikati.

Kuvuka

Mahali bora ni penye taa za barabarani, kisha penye pundamilia iliyo juu ya tuta, na kama vyote hivyo hakuna, basi ni sehemu iliyonyooka ambapo kiongozi anaona mbali pande zote mbili. Msivuke kwenye kona, kwenye kilele cha mlima, wala mbele au nyuma ya daladala iliyosimama. Daladala inaposhusha abiria huwa inakaribia kuondoka, na gari linaloipita halioni aliye mbele yake.

Watoto wasimame hatua mbili nyuma ya ukingo. Kiongozi atazame kulia, kushoto, kisha kulia tena, na asikilize, kwa sababu pikipiki mara nyingi husikika kabla haijaonekana.

Sasa fikirini muda. Barabara ya njia mbili ina upana wa mita saba hivi, na mtoto wa chekechea hutembea chini kidogo ya mita moja kwa sekunde, hivyo anahitaji sekunde nane kuvuka. Mwendo unaoruhusiwa katika maeneo ya makazi nchini Tanzania ni kilomita 50 kwa saa, ambao ni karibu mita 14 kila sekunde. Katika sekunde hizo nane, gari linakula mita 110. Msafara wa watoto ishirini wakiwa wawili wawili una urefu wa mita kumi hivi, kwa hiyo wa mwisho watatoka barabarani baada ya sekunde kumi na nane, muda ambao gari lile hufika kutoka mita 250. Gari ambalo halikuonekana kabisa mlipoanza kuvuka linaweza kuwakuta watoto wa mwisho wakiwa katikati.

Ndiyo maana mstari mrefu haufai kuvukia. Kiongozi aupange msafara uwe safu pana iliyo sambamba na ukingo wa barabara, kila mtu mzima na watoto wake, ili wote waingie barabarani kwa pamoja na watoke kwa pamoja. Kundi likiwa kubwa kuliko nafasi iliyopo, livuke kwa mafungu, na ng'ambo awepo tayari mtu mzima wa kupokea, huku mwingine akibaki na wanaosubiri. Fungu la pili lisiondoke mpaka la kwanza limepanda juu ya ukingo.

Hatari inayonisumbua kuliko zote huja na dereva mwema. Kwenye barabara yenye njia mbili au tatu kuelekea upande mmoja, dereva huwaona watoto, huwahurumia, husimama na kuwapungia mkono wavuke. Mwalimu hushukuru na kuharakisha. Gari lililosimama, hasa likiwa basi au lori, limeshaziba njia inayofuata, na huko nyuma yupo dereva mwingine asiyejua sababu ya mwenzake kusimama, anayehama njia ili ampite. Kati ya magari hayo mawili hupenya pia bodaboda. Dawa yake ni kwamba kiongozi atangulie peke yake akiwa na kibao cha SIMAMA, avuke mbele ya gari lililosimama, asimame kwenye mstari unaogawa njia, achungulie, na ahakikishe kwamba gari la njia ya pili limesimama kabisa, magurudumu hayazunguki. Watoto waitwe baada ya hapo. Kibao hakizuii gari, anayezuia ni dereva, hivyo mtazame dereva machoni. Kama hali haieleweki, mpungie yule dereva mwema aende zake na msubiri nafasi nyingine. Hamna haraka yoyote.

Mkishaingia barabarani, tembeeni. Asitokee mtu wa kusema “kimbieni!”, kwa sababu mtoto anayekimbia huanguka, na akianguka, aliyeshikana naye huanguka pia.

Barabara yenye ukuta au kisiwa katikati ihesabiwe kuwa barabara mbili, na msiitumie kama kisiwa hakitoshi kundi zima. Barabara pana kama ya Bagamoyo au Nyerere ninashauri msizivuke na watoto wadogo pasipo taa au daraja la waenda kwa miguu kama lile la Manzese. Penye njia za mwendokasi, zilizoanza kutumika Dar es Salaam mwaka 2016, tahadhari iongezwe: foleni ya magari ya kawaida humfanya mtu adhani barabara nzima imesimama, kumbe mabasi yanapita kasi katikati kwenye njia zao, kutoka pande zote mbili. Mkishindwa kupata mahali pa uhakika, kodini gari.

Ikitokea ajali

Kila msaidizi ajue kazi yake kabla ya kutoka. Mmoja abaki na majeruhi, mmoja apige namba ya dharura 112, na wengine wote wawaondoe watoto barabarani, wawapeleke nyuma ya ukuta na kuwahesabu, kwa kuwa ajali ya pili hutokea wakati kila mtu anaitazama ya kwanza. Wananchi wema watataka kumnyanyua mtoto na kumtia kwenye bajaji. Wazuieni kwa upole, isipokuwa kama kukaa pale ni hatari zaidi, na ikilazimu kumsogeza, kichwa, shingo na mwili visogezwe kwa pamoja vikiwa vimenyooka. Mwingine afuatilie polisi PF3, yaani fomu ya matibabu ya majeruhi, wakati mtoto anawahishwa hospitali. Mzazi apigiwe na kiongozi mwenyewe, asiipate habari kwenye kundi la WhatsApp.

Kuidai njia salama

Daftari la ukaguzi wa njia lina kazi nyingine. Mahali palepale panapowatisha kila safari panaweza kurekebishwa, na ushahidi upo hapahapa nchini. Mpango wa SARSAI wa Amend, shirika lisilo la kiserikali la usalama barabarani, ulioanzia Dar es Salaam, ulichunguza mazingira ya shule na kuweka matuta, njia za miguu, alama na vizuizi, na pengine kulihamishia geti la shule upande usio na magari mengi. Mpango huo ulipewa tuzo ya miji ya WRI Ross Center, kituo cha taasisi ya utafiti ya World Resources Institute, mwaka 2019. Mwaka uliofuata, mkutano wa mawaziri uliofanyika Stockholm ulipendekeza kikomo cha kilomita 30 kwa saa mahali ambapo magari huchangamana na waenda kwa miguu. Kwa mwendo huo gari linakwenda mita 8 kwa sekunde badala ya 14, na tofauti hiyo inaweza kumwokoa mtoto.

Andikeni barua kupitia serikali ya mtaa kwenda TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, kama ni barabara ya mtaa, au TANROADS, wakala wa barabara wa taifa, kama ni barabara kuu. Tajeni mahali kwa alama inayojulikana, saa mnazopita, idadi ya watoto na kitu kimoja mnachokiomba, mathalani matuta mawili na kupakwa upya kwa pundamilia iliyofutika. Ambatanisheni picha za mahali hapo zisizoonyesha sura za watoto, na saini za wazazi. Barua isipojibiwa ndani ya mwezi mmoja, pelekeni nyingine kwa diwani wa kata kwa mkono, na nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwenye jalada la kituo.